Mama Estrojeni Kizimbani

Mshitakiwa aliingia mahakamani akiwa amevaa vikwembe viwili vya wifi yangu, vitenge vyake vya sikukuu, kilemba kirefu kama mnara wa kanisa, na rangi ya mdomo ambayo shule yetu iliipiga marufuku tangu siku ya kufunguliwa kwake. Ukumbi mzima ukacheka kabla hajafungua kinywa. Mimi, wakili wake, sikucheka. Wakili anayecheka kabla ya hukumu amekwisha kuiuza kesi. Nilinyoosha kola yangu ya karatasi, nikakohoa kwa ajili ya heshima, nikamnong'oneza mteja wangu aache kuwapungia watu mkono kana kwamba ni mke wa gavana.

“Mshitakiwa, jina lako?” akauliza hakimu.

“Naitwa Mama Estrojeni.”

“Unakaa wapi?”

“Kwa wanawake, Bwana Hakimu. Lakini kwa wanaume pia nina chumba.”

Akina baba waliosimama nyuma kabisa, karibu na mlango, ndio waliopiga kelele zaidi. Wasichana wa bweni walipiga miguu sakafuni. Hata Masere Cécile, mtawa aliyeongoza liseo yetu, sekondari ya wasichana, alificha mdomo nyuma ya programu ya fete, sikukuu ya shule.

Watu watatu tu hawakucheka, na wote walikuwa kwenye benchi la mbele. Kulia alikaa kaka yangu Omer, mabega yake yakichukua nafasi ya watu wawili. Kushoto alikaa mke wake, Marthe, mikono juu ya mapaja, macho chini. Katikati yao, wima kama ukuta wa kiwanja, alikaa mama yetu, Mama Pétronille. Ilikuwa Jumamosi. Kesho yake, baada ya misa, Marthe alikuwa arudishwe kwao Mpala kwa sababu hakuzaa.

Nilikuwa na mchana mmoja tu, kilemba kimoja, na beseni la samaki.

*

Ili kesi hii ieleweke, inabidi nirudi nyuma hadi siku ile Masere Cécile alipotufungulia geti twende nyumbani kuchukua sabuni. Nilimkuta wifi yangu uani, ng'ambo ya mto Lukuga tunakokaa, akipasua migebuka. Marthe hupasua samaki kwa mgongo, anamfungua kama kitabu, anampaka chumvi kwa kiganja, anamlaza juu ya mwenzake. Kwa kawaida anafanya hivyo huku akisema ubaya wa majirani wote, kwa mpangilio wa nyumba zao. Siku hiyo alikuwa kama redio iliyotolewa betri.

“Wifi, nani amekufa?”

“Hakuna muntu amekufa.” Akachukua samaki mwingine. “Baba yenu mukubwa Mwamba anakuja toka Nyunzu, na wengine. Jumapili, kiisha fete ya shule yenu.”

“Kuja kufanya nini?”

“Kunirudisha kwetu.”

Alisema hivyo kama mtu anayetaja bei ya ndagala. Walikuwa wameoana miaka mitano. Mama yetu hakuwa mtu mbaya, na ninaomba hilo liandikwe mapema. Alimpenda Marthe, ndiye aliyemwita kila mara kuonja mchuzi kama umekolea. Lakini wajukuu alikuwa amewapenda kabla ya kumjua Marthe, alikuwa amekwisha kuwapa majina, na kila Alhamisi katika mkutano wa akina mama wa parokia alirudi nyumbani akiwa amezeeka kidogo.

“Hospitali je?” nikauliza.

“Nilienda. Daktari alinipima yote. Alisema niko muzima. Alisema: sasa mama, utuletee bwana.”

“Na Omer alisema nini?”

Marthe akapiga kiganja cha chumvi juu ya mgebuka kwa nguvu, kana kwamba samaki ndiye aliyeulizwa.

“Umuulize yeye.”

Nikashuka ziwani. Kaka yangu ni fundi wa mota za mitumbwi. Ni mtu anayebeba mota nzima begani, peke yake, akipanda ufukwe, huku akiendelea na maongezi. Nilimkuta amekaa juu ya debe akisafisha kabureta kwa mswaki ambao nilishuku ni wangu. Nilimwuliza moja kwa moja. Akatazama upande huu, akatazama upande ule, akahakikisha hata ziwa halisikilizi.

“Weye unasoma biolojia, sivyo?”

“Ninasoma, yaya,” nikamjibu, kama mdogo anavyomwita mkubwa wake.

“Djo wa hapa kazini alienda kupimwa kidonda, akaongea na muganga mumoja. Anasema kule wanaume wenye hawana mutoto wanapimwa damu. Wanatafuta ndani yake homoni ya wanawake. Ni kweli?”

“Wakati mwingine wanaipima. Kweli.”

“Sasa wakiikuta ndani yangu?” Sauti yake ilikuwa imeshuka hadi chini ya mtumbwi. “Gracia, mimi ni mwanaume. Wakisema nusu yangu ni mwanamke, nitapita wapi hapa bandarini?”

Msomaji anapaswa kujua ukubwa wa jaribu lililonipata. Utani ulikuja wenyewe, mmoja ukimsukuma mwenzake mlangoni: kwamba maziwa yake yangeanza kuota kufikia Noeli, kwamba nitamwazima sidiria, kwamba Djo amekwisha kumpenda. Lakini nikaona mswaki ukisugua palepale palipokwisha kung'aa. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba woga unaweza kuingia ndani ya mtu mkubwa kiasi kile na bado ukabaki mkubwa kuliko yeye. Nikaumeza utani wote, kama mtu anavyomeza vidonge vya malaria, bila maji.

“Nitakujibu,” nikasema. “Lakini si hapa. Njoo kwenye fete ya shule. Na umlete Mama, na Marthe.”

“Juu ya nini usinijibu sasa?”

Kwa sababu mimi, mbele ya kaka yangu, sikuwa na thamani ya kuaminiwa. Mwaka mmoja kabla, nilibandika kwenye mlango wa bwalo amri yenye mhuri wa kiazi, ikifuta maharagwe katika jimbo lote la Tanganyika kwa muda usiojulikana. Wapishi walitii. Habari hiyo ilikuwa imefika mpaka bandarini. Kama ningemwambia Omer pale juu ya debe kwamba homoni ile ni rafiki yake, angenirushia kabureta. Ukweli wangu ulihitaji ukumbi, mashahidi, na mtu mwenye ndevu.

*

Mwenye ndevu alikuwa Prof Élysée, mwalimu wetu wa biolojia. Ni yeye aliyekuwa ametufundisha jambo hili, asubuhi moja ya mvua, kwa chaki iliyolowa. Alichora korodani kwa utulivu wa mtu anayechora embe, akachora mirija myembamba inayotoka pale kwenda kwenye ghala ambako mbegu za kiume hukomaa.

“Mbegu zinatoka kiwandani zikiogelea katika maji mengi mno,” alisema. “Zikifika ghalani hivyo, zitakuwa kama vijiti vichache vya kiberiti vilivyotupwa ziwani. Kwa hiyo kuta za mirija hii zinafanya kazi. Zinabeba chumvi, chembe kwa chembe, ioni kwa ioni, kutoka ndani kwenda nje. Na chumvi ikienda, nani anaifuata?”

Tuliinamia madaftari, tukidhani ni swali gumu.

“Nyinyi ni watoto wa Kalemie kweli? Mama zenu wanafanya nini na samaki?”

“Maji!” tukapiga kelele. “Maji yanafuata chumvi!”

“Maji yanafuata chumvi. Mbegu zinabaki zimesongamana, tayari. Sasa, anayeamuru kuta zile zibebe chumvi ni nani? Ni estrojeni.”

Nikanyoosha mkono, kwa nia ambayo haikuwa safi. “Prof, kwa hiyo mwanaume anahitaji homoni ya kike?”

“Si ya kike, Gracia. Ni ya mtu. Wanawake wanayo nyingi, wanaume wanayo kidogo, wanaitengeneza wenyewe kutoka ile homoni nyingine wanayojivunia. Na hicho kidogo kina kazi. Wataalamu waliiona vizuri kwa panya: panya dume ambaye mwili wake hauisikii estrojeni anajaa maji, anavimba, na hazai. Kwa binadamu bado wanachimba zaidi. Lakini panya dume hakuwa na haya ya kupimwa.”

Aliporudi ubaoni tulicheka mpaka kengele. Ila maneno yale, ni ya mtu, yalikaa mahali fulani ndani yangu yakisubiri kazi. Baada ya mazungumzo na Omer nikayaamsha. Kwa wiki moja nikaandika kesi, nikampa Denise cheo cha mwendesha mashitaka kwa sababu ana sauti ya spika ya soko, nikampa Laetitia uzuri wote wa mshitakiwa, nikamwomba Prof Élysée awe hakimu. Alisoma, akanitazama juu ya miwani, akauliza, “Hii ni kwa ajili ya nani hasa?” Nikamwambia ni kwa ajili ya maendeleo ya sayansi. Hakuamini, na akakubali.

Masere Cécile alisoma kwa kalamu nyekundu mkononi. Nilisimama mbele ya meza ya ofisi yake kama mtu anayesubiri kunyolewa.

“Biolojia ni kazi ya Mungu,” alisema mwishowe, “na Mungu haoni haya. Lakini mimi nina wazazi, na nina askofu. Neno hili litatamkwa mara moja tu.”

“Neno gani, Masere?”

“Unalijua.”

*

Denise alilimaliza neno letu lote katika sentensi yake ya kwanza. Alisimama, akazungusha masharubu yake ya mkaa, akanyoosha kidole kwa Laetitia.

“Bwana Hakimu! Mwanamke huyu alikamatwa wapi? Alikamatwa ndani ya korodani!”

Ukumbi ukapasuka. Masere Cécile akafunga macho, nadhani kwa sala. Kuanzia hapo hadi mwisho wa kesi, sote tulilazimika kusema “mahali palipotajwa na mwendesha mashitaka”, na kila tuliposema hivyo watu walicheka zaidi kuliko kama tungelitaja.

“Anaishi kwa mwanaume bila kibali!” Denise aliendelea. “Anataka kumlainisha! Anataka kumpokonya sauti, ndevu na mamlaka! Tunaomba afukuzwe, leo hii, katika miili ya wanaume wote!”

“Afukuzwe!” wakaitikia akina baba wa mlangoni. Nilimwona Omer akigeuza kichwa kidogo kuwatazama.

Ikafika zamu yangu. Nilitoka jukwaani, nikarudi na beseni, nikaliweka chini mbele ya benchi la kwanza. Ndani yake walilala migebuka ambao Marthe aliwatia chumvi asubuhi hiyo bila kujua wanakwenda mahakamani. Chini yao, maji yalikuwa yamejaa.

“Akina mama,” nikasema, “beseni hili asubuhi lilikuwa kavu. Maji haya nimeyachota ziwani?”

“Apana!”

“Yametoka wapi?”

“Ndani ya samaki!”

“Nani ameyatoa?”

“Chumvi!” Wanawake wote wa Kalemie wanajua hili kuliko wanavyojua amri kumi. Kisha mama mmoja wa safu ya tano akaongeza kwa sauti: “Ile chumvi ni kidogo! Nani alitia?”

“Si kidogo!” akasema Marthe.

Ilimtoka tu. Alikuwa ameinua kichwa, macho yanawaka, heshima ya kazi yake imeguswa mbele ya watu. “Kuja uonje, mama! Kuja!” Watu wakacheka, na yeye mwenyewe, baada ya kushangaa alichofanya, akacheka kidogo pia. Mama yetu akamtazama kwa pembeni. Nilitaka kumbusu yule mama wa safu ya tano.

Nikaeleza kuta na mirija kama Prof alivyotueleza, nikiwa nimeshika mgebuka mmoja kwa mkia. Kisha nikamgeukia hakimu.

“Mwendesha mashitaka anataka mteja wangu afukuzwe. Vizuri. Tunaomba mahakama imfukuze kwa dakika chache, tuone.”

Prof Élysée aligonga meza kwa mchi wa jikoni. Laetitia akatolewa nje akilia kwa madaha. Papo hapo Maji wakaingia: wasichana wa mwaka wa pili wakiwa na mashuka yote ya bluu ya bweni letu, wakayatandaza, wakayapeperusha, wakafunika jukwaa. Katikati yao zikaingia mbegu. Mbegu walikuwa watoto wa mwaka wa kwanza, wamevaa foronya nyeupe kichwani na mikia ya kamba. Nilikuwa nimewaambia jambo moja tu: mpotee. Hakuna amri ya shule iliyowahi kutiiwa namna ile. Walishuka jukwaani, wakapita chini ya mabenchi, mmoja akakaa mapajani mwa katibu wa parokia, mwingine akatoka nje kabisa na kukutwa jikoni akila.

“Mbegu, mulango uko wapi?” akaita baba mmoja.

“Hatujui!” wakalia mbegu.

“Huyu ndiye mwanaume asiye na mteja wangu,” nikasema juu ya makelele. “Ana mbegu. Ana nguvu. Labda ana hata masharubu. Lakini chumvi haikubebwa, maji yamebaki, na watoto wake wanatafuta njia ndani ya ziwa. Na maji hayo yakizidi yanarudi nyuma, yanabana kiwanda chenyewe, yanakiharibu. Bwana Hakimu, mrudishe mama huyu kazini kabla hatujazama.”

Laetitia akarudi. Alipiga makofi mara moja, kama mwenye nyumba aliyekuta sebule imechafuliwa. Chumvi, ambaye alikuwa msichana mmoja mnene aliyevaa gunia, akatembea kwa heshima hadi mlangoni na kutoka. Mashuka yote ya bluu yakakimbia nyuma yake. Na mbegu wakajikuta kwenye nchi kavu, wakapanga mstari bega kwa bega, wakapiga saluti. Hapo ukumbi ulisimama. Nilisikia vigelegele kutoka pande ambazo sikuzitegemea.

Nilikuwa nimeshinda. Prof Élysée aliinua mchi ili asome hukumu.

“Mosyon!”

Sauti ilitoka benchi la mbele. Mama Pétronille alikuwa amesimama, mkono juu.

Sina budi kueleza kwamba kwetu mosyon, hoja ya kukatiza mkutano, ni kitu kitakatifu. Mtu akiiomba, mkutano wowote unasimama, uwe wa parokia, wa soko, au wa kugawana mashamba. Mwenyekiti anaweka chini alichoshika na kusikiliza. Mama yangu alikuwa ameongoza mikutano miaka mingi, na kwa maoni yake palipo na meza, hakimu na watu waliokaa kimya, pana mkutano. Kwamba joho la hakimu lilikuwa pazia la maktaba halikumhusu. Prof Élysée naye alizaliwa Kalemie. Nilimwona akisita, nilimwona akijua vizuri kwamba huu ni mchezo tu, kisha nikaona mkono wake ukiweka mchi chini.

“Mosyon inasikilizwa, mama.”

“Bwana Hakimu,” akasema mama yangu, “nimesikiliza tangu mwanzo. Hii kesi inafundisha watoto kama mwanaume anaweza kuwa na taabu ndani yake. Labda wanaume ya panya. Mimi niko na mutoto mwanaume, huyu hapa. Anabeba mota peke yake. Hajaugua tangu surua. Ninaomba iandikwe kama mutoto yangu hana taabu.”

“Mama,” akajibu Prof Élysée kwa upole mkubwa, “mahakama haikumtaja mtoto wako.”

Kicheko kilianza nyuma, kikafika katikati, kikafa. Watu walikuwa wameelewa. Kila mtu katika ukumbi ule alijua ni nani anakuja kutoka Nyunzu na kwa nini. Kalemie haina siri inayodumu kuliko samaki mbichi. Macho yalikwenda kwa Omer, yakaenda kwa Marthe, yakabaki pale kwa Marthe kama yalivyozoea. Akainamisha kichwa tena. Mimi, mgebuka mkono mmoja, nikapekua karatasi za kesi kwa mkono wa pili. Sikuwa nimeandika ukurasa huu.

“Mosyon,” akasema mtu mwingine. Alisema polepole, kama anayejaribu kama neno litabeba uzito wake.

Omer aliposimama, benchi lilipumua.

“Inasikilizwa,” akasema hakimu.

“Bibi yangu Marthe amepimwa,” akasema kaka yangu. “Ameonekana muzima. Mimi sijapimwa.” Akavuta pumzi. Mota yoyote ingekuwa nyepesi kuliko sentensi iliyofuata. “Niliogopa yule mama.” Akanyoosha kidole kwa Laetitia, ambaye kwa mara ya kwanza siku hiyo alisahau kujishaua. “Nilisema wakimukuta ndani yangu, mimi si mwanaume tena. Sasa ninasikia kama wasipomukuta, pale njo kuna taabu. Basi Jumatatu nitaenda, wamutafute. Na kesho hakuna muntu atarudishwa Mpala. Kama kuna wa kurudishwa, wanirudishe mimi.”

“Wakurudishe wapi?” akauliza mtu wa nyuma.

“Kwa mama yangu,” akasema Omer. “Anakaa palepale.”

Kicheko kikaja, kizito, cha tumboni, kicheko ambacho sijawahi kukipata kwa amri yoyote ya maharagwe. Marthe alikuwa amefunika uso kwa mikono yote miwili na mabega yake yalikuwa yakicheza, na sikuweza kujua analia au anacheka, na nadhani naye hakujua. Mama yangu alikuwa bado amesimama. Alimtazama mwanawe. Alimtazama hakimu. Mwishowe alimtazama Marthe aliyekaa kando yake, kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma bei upya kwa sababu ya kwanza aliisoma bila miwani.

“Bwana Hakimu,” akasema, “ninaondoa mosyon yangu.”

“Mosyon imeondolewa,” akasema Prof Élysée, na sauti yake haikuwa imara kama inavyotakiwa kwa hakimu. Akagonga mchi. Mama Estrojeni akaachiliwa huru, akaamriwa arudi mara moja kwenye kazi yake mahali palipotajwa na mwendesha mashitaka, na wasichana wakapiga ngoma.

*

Ninaandika haya nikiwa nimemaliza shule. Jumatatu ile Omer alikwenda kweli, na Marthe, na Djo aliyesema anawasindikiza tu. Walikaa kwenye benchi la akina mama wajawazito, magoti yao yamefika kifuani, na kila muuguzi aliyepita aliwauliza wamempoteza nani. Omer alipimwa. Djo, ambaye anasindikiza tu, alipimwa pia. Yule mama walimkuta ndani ya kaka yangu, kiasi kinachotakiwa, akifanya kazi yake bila kelele. Taabu ilikuwa kwingine, kwenye mishipa ya damu ya mahali pale palipotajwa, na daktari alisema ni jambo la kutibiwa bila haraka. Omer alirudi bandarini akitangaza kwa sauti kubwa kwamba ana estrojeni, na safi. Kwa wiki kadhaa mafundi wengine walikuwa wakiniita pembeni kuniuliza, kwa niaba ya rafiki, kama wakili yule bado anapokea kesi.

Watu wananiuliza mimi pia kama mtoto amekuja. Ninawajibu kama Marthe anavyowajibu siku hizi, akiwa anapasua samaki, bila kuinua macho: “Muulize Omer.” Wanashuka ziwani, wanamwuliza. Naye hainamishi kichwa. Anasema, “Tuko kazini,” na anaendelea na mota yake.

Lakini ninayopenda kuikumbuka ni Jumapili ile. Hakuna aliyeweza kuwazuia wageni. Walikuwa njiani tangu Ijumaa, juu ya pikipiki, na simu zao zilikuwa zimezima. Walifika baada ya misa, wekundu kwa vumbi hadi kwenye nyusi. Baba mkubwa Mwamba alinawishwa mikono, akaketishwa kwenye kiti chenye mto. Mbuzi alikuwa amekwisha kupikwa, kwa sababu mbuzi aliyechinjwa hana habari za kuahirishwa kwa mkutano. Marthe ndiye aliyempika, na ndiye aliyesimama kwenye sufuria, na mwiko mkononi.

Baba mkubwa alisimama. Alikuwa ameiandaa hotuba yake tangu Nyunzu, na hakukusudia ipotee. Alisalimia walio hai. Alikumbuka waliokufa, pamoja na baba yetu, kwa maneno mazuri yaliyotufanya sote kutazama chini. Alieleza ubaya wa barabara. Alieleza ndoa ni nini, na ukoo ni nini. Kisha akafika pale ambapo jambo lenyewe lilitakiwa kutajwa, akatuangalia mmoja mmoja. Omer alikuwa akimtazama machoni, akitabasamu.

“Basi,” akasema mzee, “sisi tulikuja kuamua kitu gani?”

Kuku alipita uani. Mama Pétronille akasogeza sahani mbele yake.

“Mulikuja kula,” akasema. “Marthe, mupe muzee.”

Baba mkubwa akakaa. Marthe akamchagulia nyama ya paja, kipande kikubwa, akamwagia mchuzi, akamwuliza kama anataka pilipili. Mzee akafikiri kidogo, akasema anataka.